Stesheni kongwe zisivunjwe kwa jina la treni za mjini

Mhariri,

Baada ya salamu, naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno juu ya stesheni kongwe za reli za Afrika Mashariki, ambazo hatima yake inaamuliwa wakati huu ambapo miji mikubwa inafufua na kupanua treni za abiria wa kila siku. Msomaji wa Unguja au Pemba anaweza kuuliza jambo hili linamhusu nini mtu wa visiwani, kwetu sisi ambako hakuna hata futi moja ya reli inayopitiwa na gari. Kwa maoni yangu linatuhusu sana, kwanza kwa kuwa sisi ni abiria wa reli hizo tunapovuka kwenda Bara, na pili kwa kuwa tuliwahi kuwa na reli yetu wenyewe, tukaiacha ipotee, na hivyo tunaijua hasara ambayo wenzetu bado wana muda wa kuiepuka.

Niseme mapema kwamba siandiki kupinga treni. Mji kama Dar es Salaam hauwezi kubeba watu wake kwa daladala peke yake, na tangu Oktoba 2012, zilipoanza treni za mjini kati ya Stesheni kuu ya mjini na Ubungo Maziwa na, kwa upande wa TAZARA, yaani reli iendayo Zambia, hadi Mwakanga, wakaazi wengi wamepata nafuu ambayo barabara zisingeweza kuwapa. Baadaye ikaongezwa safari ya Pugu. Mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kwenda Morogoro mwezi wa Juni na Dodoma mwezi wa Julai, na leo Mzanzibari anayeshuka kwenye boti pale bandarini yuko karibu kabisa na stesheni, kiasi cha kwamba aliyeondoka bandari ya Malindi, Unguja, asubuhi anaweza kulala Dodoma siku hiyo hiyo bila ya kukanyaga stendi ya mabasi. Hiyo ni neema, na anayeipinga hajawahi kusafiri na watoto na mizigo. Ninalolitaka mimi ni kwamba stesheni zilizojengwa na kizazi cha kwanza cha reli ziingizwe ndani ya neema hiyo zikiwa bado stesheni, abiria wapande na kushuka palepale walipopanda babu zao, na kwamba uamuzi huo ufanywe kabla mikataba ya ujenzi haijatiwa saini.

Kwetu Unguja mambo yalikwendaje? Reli ya kwanza kisiwani ilikuwa ya Sayyid Barghash bin Said, aliyeijenga kutoka mjini hadi kwenye kasri lake la Chukwani; hapo mwanzo mabehewa yalivutwa na nyumbu, kisha ikaagizwa injini ya mvuke kutoka Uingereza. Alipofariki mwaka 1888, reli hiyo nayo haikuendelea. Ya pili ndiyo iliyobaki zaidi katika vinywa vya wazee wetu, nayo ni reli ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney na kuanza kazi mwaka 1905. Urefu wake ulikuwa maili saba hivi, ikianzia karibu na Ngome Kongwe na kwenda kaskazini hadi Bububu, na Ngome yenyewe ikatumika kwa shughuli za ujenzi wake. Ile haikuwa reli ya kifalme. Ilikuwa ni treni ya watu wa kawaida, iliyowaunganisha wa shamba na wa mjini, na meli za abiria zilipotia nanga, wageni nao walipanda kwenda kutazama mashamba. Serikali ikainunua mwaka 1911. Barabara zilipotengenezwa na motokaa zikaongezeka, huduma ya abiria ikasimamishwa mwaka 1922, na kwa miaka michache iliyofuata reli ikafanyishwa kazi ya kubeba mawe ya kujazia bandari, mpaka ilipoachwa kabisa. Sehemu kubwa ya njia yake ikageuzwa kuwa barabara, nayo ndiyo hiyo tunayoipita mpaka leo.

Simlaumu aliyeifunga reli ile, kwa sababu huenda kwa hesabu za wakati ule ilikuwa haijilipii. Ninachokisikitikia ni kuwa hakuna aliyefikiri kwamba kitu kinaweza kumaliza kazi yake na bado kikastahiki kubaki. Mtu anayepanda daladala ya namba 502 kutoka mjini kwenda Bububu anapita juu ya historia ya usafiri wa Afrika Mashariki nzima, lakini njiani hapati hata kibao kimoja cha kumwambia hivyo. Vijana wa skuli ukiwaeleza kwamba gari la moshi liliwahi kupita Maruhubi na Mtoni wanakutazama kwa mashaka, na mashaka yao yana haki, kwani hawajaonyeshwa kitu. Jengo likiondoka, baada ya vizazi viwili hadithi nayo hubaki bila shahidi.

Tena jengo halivunjwi na nyundo peke yake. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la kifalme la hapa Unguja alilolijenga huyo huyo Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka na kuua mafundi wawili, wakati kazi ya kulitengeneza ilikuwa tayari imeanza. Lilikuwa limefungwa kwa miaka kadhaa kwa sababu ya uchakavu, na lilikuwa ndani ya Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Nalitaja kwa uchungu, na kwa sababu moja tu. Kama jengo lenye jina kubwa kiasi hicho, lenye mamlaka ya kulisimamia na macho ya dunia juu yake, liliweza kufika pale kwa kukaa bila ya matumizi, basi stesheni ndogo ya matofali huko Bara, isiyo na mwenyewe baada ya treni kuhamishiwa njia mpya, ina nafasi gani?

Hapa ndipo panapohitaji kuelezwa vizuri, kwa sababu watu wengi wanadhani hatari iko katika kubomoa tu. Treni za kisasa za mjini zinahitaji vitu ambavyo stesheni za zamani hazikujengwa kwa ajili yake. Jukwaa la zamani ni la chini, abiria anapanda behewa kwa ngazi, ilhali treni mpya zinataka jukwaa lililo sawa na sakafu ya behewa ili mzee, mama mwenye mtoto na mtu wa kiti cha magurudumu aingie bila ya kunyanyuliwa. Treni ni ndefu zaidi, kwa hiyo jukwaa lirefushwe. Nyaya za umeme zinapita juu ya njia, kwa hiyo paa lililoning'inia juu ya reli na daraja la waenda kwa miguu huonekana kuwa kikwazo. Njia moja inafanywa mbili, na mara nyingi njia ya pili inachorwa pale pale lilipo jengo la mkuu wa stesheni, au karakana, au tangi la maji la enzi za mvuke. Juu ya yote hayo, stesheni kongwe iko katikati ya mji, mahali ambapo kiwanja kina thamani kubwa, na mwenye kutaka kujenga maduka na ofisi hakosi kuitamani.

Mahitaji hayo ni ya kweli, lakini hakuna hata moja linalolazimisha kubomoa. Jukwaa linaweza kurefushwa kwa upande usio na jengo na kunyanyuliwa pale tu treni inaposimama. Paa linaweza kukatwa ukingo wake au kusogezwa. Njia ya pili inaweza kupindishwa kidogo ikiwa mhandisi ameambiwa mapema kwamba jengo lile haliguswi, na neno mapema ndilo lenye uzito, kwa sababu mchoro ukishapitishwa na mkandarasi akishalipwa malipo ya kwanza, kila mabadiliko yanahesabiwa kuwa ucheleweshaji na gharama, na hapo mtetezi wa jengo anaonekana ni adui wa maendeleo.

Wenzetu wa nchi tajiri walilipia somo hili. London waliivunja stesheni ya zamani ya Euston, pamoja na lango lake kubwa la mawe, mwaka 1961 na 1962 walipokuwa wakiijenga upya kwa ajili ya treni za umeme. New York walianza kuivunja Pennsylvania Station mwaka 1963, jengo lililokuwa limefunguliwa mwaka 1910 tu, na hasira za wakaazi zikachangia kupatikana kwa sheria ya mji ya kulinda majengo ya kihistoria mwaka 1965. Hong Kong waliiondoa stesheni yao ya Kowloon mwishoni mwa miaka ya 1970 wakabakisha mnara wa saa peke yake, nao unasimama pale ufukweni mpaka leo, mzuri wa kupigia picha, lakini hakuna anayeweza kujua kwa kuutazama jinsi watu walivyosafiri. Nauogopa mfano huu wa mwisho kuliko ile miwili ya mwanzo, kwa sababu ndiyo suluhisho rahisi linalopendwa na wenye haraka: bakisha kipande, weka taa za rangi, sema umehifadhi.

Kuna na njia nyengine ya kupoteza, ambayo ndiyo hasa iliyo karibu nasi. Kenya walipofungua reli yao mpya kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, treni za abiria za reli ya zamani baina ya miji hiyo miwili zilikoma, na stesheni kama za Voi, Mtito Andei na Makindu, ambazo kwa zaidi ya karne zilikuwa ndizo roho ya miji yao, zikabaki bila ya abiria wale waliozifanya kuwa hai. Reli mpya ya Tanzania Bara nayo ina upana wa milimita 1,435, wakati Reli ya Kati ya zamani ni ya milimita 1,000, hivyo imejengewa stesheni zake mpya pembeni. Hakuna aliyetoa amri ya kuzibomoa zile za zamani, na pengine hatatokea. Lakini stesheni isiyo na abiria huanza kupoteza mabati ya paa, kisha milango, kisha heshima, na siku ya kuja kuvunjwa hakuna atakayeilalamikia.

Mfano ninaoupenda ni wa Mumbai, mji ambao wazee wetu wa Unguja waliujua kwa jina la Bombay kabla ya wengi wetu kuijua Dodoma, na ambako Barghash mwenyewe aliwahi kuishi uhamishoni kabla ya kutawala. Stesheni yake kuu, ambayo sasa inaitwa Chhatrapati Shivaji Maharaj Terminus, ilianza kujengwa mwaka 1878 na kumalizika baada ya miaka kumi. Mwaka 2004 UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia. Hata hivyo ukiingia humo asubuhi hukuti makumbusho yaliyonyamaza. Unakutana na umati wa makarani, wanafunzi, wachuuzi na mafundi wanaomiminika kutoka kwenye treni za mitaani, kwa sababu stesheni ile ni mwanzo na mwisho wa njia za treni za mjini zenye abiria wengi mno duniani. Jengo limeongezewa majukwaa, likaingizwa umeme, na bado limesimama, kwa kuwa mamilioni ya watu wanalihitaji na serikali haiwezi kuthubutu kuliacha lianguke. Haja ya kila siku ndiyo mlinzi wake.

Na atakayesema kwamba hifadhi haina fedha, atazame Tokyo. Jengo la matofali mekundu la stesheni ile, la mwaka 1914, liliungua paa na ghorofa yake ya juu kwa mabomu ya mwaka 1945, likatengenezwa kwa dharura na kubaki hivyo kwa miaka zaidi ya sitini. Badala ya kulivunja na kujenga mnara mahali pake, kampuni ya reli iliuza haki ya kujenga ghorofa ambazo ingeruhusiwa kuzijenga juu ya kiwanja chake, wakanunua wenye majengo ya jirani ili yao yawe marefu zaidi, na fedha hizo zikalirudishia jengo sura yake ya asili, kazi iliyokamilika mwaka 2012. Miji yetu inaweza kabisa kutunga kanuni ya namna hiyo. Nairobi, ambako kuna mpango wa kujenga mji mpya wa reli kwenye eneo la stesheni kuu na kuzunguka kwake, pamoja na stesheni mpya, wana nafasi ya kuijaribu mwanzo. Na kwa kuwa pembeni ya stesheni ya zamani wana makumbusho ya reli tangu mwaka 1971, hawawezi kusema kwamba hawakujua walichonacho.

Kwa upande wa Tanzania Bara kuna tatizo la sheria ambalo halizungumzwi, nami nawaomba wanasheria walitazame. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baada ya hapo yanalindwa endapo tu Waziri ameyatangaza. Sasa tazama tarehe za reli: ile ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, TAZARA ni ya miaka ya 1970. Maana yake ni kwamba hakuna stesheni hata moja katika nchi nzima, pamoja na ile nzuri ya Kigoma iliyo mwisho wa njia, inayoweza kulindwa na sheria hiyo kwa umri wake tu. Kila moja inahitaji tangazo, na isiyotangazwa inasubiri. Wakati ujenzi wa reli mpya unaelekea Tabora, Mwanza na Kigoma, kusubiri huko ni hatari, na Waziri anayehusika angeweza kuiondoa hatari hiyo kwa tangazo moja lenye orodha, bila ya kutumia fedha yoyote ya hazina.

Wapo wanaosema kwamba majengo haya ni ya wakoloni, waache yaondoke na wenyewe. Naielewa hisia hiyo na siidharau, kwa sababu reli zile ziliwekwa ili kuchukua mazao na kupeleka askari, na waliobeba mataruma yake wengi hawakuulizwa kama wanataka. Lakini ni hao hao waliobeba, na watoto wao, walioyafanya majengo haya kuwa ya kwetu. Mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam mwaka 1947 ulipanda bara kwa kufuata Reli ya Kati, stesheni kwa stesheni, kupitia wafanyakazi wa reli, na mwaka uliofuata makuli wa Unguja nao wakagoma. Historia ya mfanyakazi wa Kiafrika haikuandikwa katika majumba ya magavana. Sehemu yake kubwa imo bandarini, karakanani na kwenye majukwaa ya stesheni, na tukiyavunja haya kwa kuwachukia wakoloni tutakuwa tumewafutia kumbukumbu wale waliowapinga.

Najua mambo ya kale si ya Muungano, na kwamba Zanzibar ina sheria zake na Idara yake, hivyo si kazi yetu kuwaamrisha wenzetu wa Bara. Tunaweza kuwaomba, kama abiria na kama ndugu. Lakini letu tunaloweza kulifanya bila ya kumwomba mtu, tulifanye sasa. Barabara ya kwenda Bububu imejaa magari, na kila inapopanuliwa au kuchimbwa mitaro, alama zilizobaki za reli ile, iwe ni kipande cha tuta au daraja dogo la mawe lililofunikwa na majani, zinaweza kufukiwa na mtambo kwa asubuhi moja bila ya dereva kujua alichokifukia. Naiomba Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale iitembee njia hiyo yote kwa miguu, kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, pamoja na wazee wa mitaa inayopitiwa, na kila alama itakayopatikana ipigwe picha, ipimwe na kuwekwa katika ramani. Ramani hiyo wapewe wahandisi wa barabara kabla ya kazi nyengine yoyote kuanza, na Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe, ambayo ndani ya mpaka wake ndimo reli ilimoanzia, iweke kibao cha Kiswahili pale Ngome Kongwe kinachoeleza kwamba hapa ndipo watu wa Unguja walipopandia treni. Skuli za Bububu, Mtoni na Maruhubi zina walimu wa historia ambao naamini watajitolea kushiriki, na mimi mwenyewe niko tayari kutembea nao siku yoyote watakayoipanga.

Wabillahi tawfiq.

Msomaji wako,
Bububu, Unguja